Kutalii Kwetu

Neno "talii" tulilipata kwa Waarabu, na huko kwao liliambatana na kusoma: kukifungua kitabu na kukipekua ukurasa baada ya ukurasa mpaka maana yake ikudhihirikie. Sisi tukalitoa kitabuni tukalipeleka safarini. Leo ukimtaja mtalii visiwani petu, anayekuja akilini ni mgeni wa ng'ambo mwenye kamera kifuani. Aghalabu hatumfikirii Mpemba wa makamo aliyefuatana na mkewe.

Nasi ndivyo tulivyokuwa tulipofunga safari kutoka Wete kwenda Unguja kwa siku tano. Katika miaka 30 ya ndoa yetu, Unguja tulikuwa tukienda kwa mambo matatu: hospitali, maziko na makaratasi. Mara hii hapakuwa na mgonjwa, wala maiti, wala cheti cha kufuatilia. Tulikwenda kutazama na kula. Jamaa zetu wa mjini walipouliza, "Kuna nini?" mke wangu alijibu, "Hakuna kitu," na jibu hilo likawatia wasiwasi kuliko habari ya msiba. Mtu wa hali yetu husafiri kwa dhiki. Akisafiri kwa raha, hutakiwa ajieleze.

Tulianzia Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, tulilitazama kwa nje tu, tukiikumbuka siku ile ya 25 Disemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka. Kisha tukaenda Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana lililosimamishwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa mna shimo, na ndani ya shimo mna sanamu za watumwa watano, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, zenye minyororo shingoni. Mke wangu alisimama ukingoni muda mrefu.

"Hawa nao waliletwa kisiwani kwa chombo," alisema. "Wala hapana aliyewauliza wanataka kuona nini."

Mchana ule hatukula. Si kwamba tuliagana kufunga. Kila tulipopita penye harufu ya chakula, miguu ilikataa kusimama. Jioni ndipo tulipokaa Forodhani na bakuli mbili za urojo, tukala kimya, tukitazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani.

Siku ya tatu tulikwenda Kizimkazi Dimbani. Katika kibla ya msikiti ule mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Jengo lilikuja kujengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yalihifadhiwa. Mimi niliyejifunza kusoma kwa taa ya chemli kuliko kwa mwalimu, niliyatazama kwa heshima ambayo sina namna ya kuieleza. Takriban miaka 900 iliyopita kuna mtu aliyeona kwamba mahali hapa panastahili kuandikwa.

Fikra hiyo ndiyo niliyokwenda nayo katika mkahawa mmoja wa pwani ya mashariki, ambao sitautaja jina. Tulikaribishwa kwa Kiingereza, na tulipojibu kwa Kiswahili kijana yule alitabasamu kwa haya, kana kwamba tumemfumania. Orodha ya vyakula ililetwa. Ilikuwa kwa Kiingereza na Kitaliano. Kiswahili hakikuwamo hata kwa neno moja. Basi nikaifanya kazi yangu ya siku zote: nikamfasiria mwenzangu mstari kwa mstari.

"Samaki wa leo, wa kuchoma," nilisoma.

"Samaki gani?"

"Pameandikwa samaki."

"Bwana we, samaki ana jina! Changu, tasi, nguru? Kila mmoja na moto wake. Hawa wageni wanakula kitu wasichokijua jina?"

Aliinuka akaelekea jikoni, akapiga hodi. Nilisikia salamu, kisha kicheko, kisha masuali marefu ya watu waliogundua kwamba kwao ni kumoja. Mpishi alikuwa mwanamke wa Mtambwe. Samaki wa leo alikuwa tasi. Na ile sahani iliyoitwa kwenye karatasi pweza wa mtindo wa kisiwani, ilikuwa ni pweza wa nazi kama anavyopikwa nyumbani kwetu, ila kwa bei ambayo nyumbani ingetulisha juma zima.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina ugomvi na mgeni, wala na lugha zake. Kufasiri lugha za watu ndiko kulikonilisha. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mshahara pekee, ikiwa kwenye meza iliyotandikwa kwao, kwa samaki wa bahari yao, lugha yao imeachwa jikoni. Mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila chakula haungemfukuza Mtaliano. Ungemfundisha kwamba tasi si changu, nasi ungetwambia kuwa tulitarajiwa.

"Mwandikie," mke wangu aliniambia aliporudi mezani. Nikaomba karatasi. Nilifasiri vyakula vyote, kuanzia mchuzi hadi matunda, na panapostahili jina la samaki nikaacha nafasi wazi, kwani hilo hubadilika kwa kila alfajiri ya wavuvi. Mpishi alitoka akaipokea, akaikausha mikono kwenye kanga kabla ya kuishika. Aliisoma yote, akaazima kalamu yangu, na katika nafasi ya kwanza akaandika kwa herufi kubwa: TASI.