Tamaa ya Ukuu na Maneno ya Ramli

Mwaka 1968 tamthiliya ya Shakespeare iitwayo Macbeth ilitolewa kwa Kiswahili na S. S. Mushi, ikapewa jina la Makbeth. Mwaka uliofuata, Ebrahim Hussein, kijana wa pwani yetu hii ya kusini, akatoa Kinjeketile. Vitabu hivi viwili vilizaliwa vikifuatana kama Kurwa na Doto, lakini tangu hapo vimelelewa katika nyumba mbalimbali. Kimoja husomwa kama mali ya Waingereza, chenye wafalme wake na ngome zake za mawe. Cha pili husomwa kama somo la historia, na mwanafunzi hutakiwa ataje sababu za Vita vya Maji Maji kisha akae chini. Mimi nimevisoma vyote viwili mara nyingi, hapa Mtanda mjini Lindi, na kila nivisomapo huona kwamba vinaulizana na kujibizana. Mtu asikiapo neno kutoka kwa wasioonekana, neno hilo lina nguvu gani juu yake? Na yatokeayo baadaye, hatia yake ni ya nani?

Wauulize wanafunzi ni nani aliyemwua Mfalme Duncan, na wengi watajibu upesi: ni wale wachawi. Siwalaumu. Mtoto aliyekulia katika mitaa yetu amezoea kusikia kwamba mtu hafi hivi hivi, wala hapandi cheo hivi hivi. Bundi akilia juu ya paa usiku, mama wa nyumba hutoka kumfukuza. Ajabu ni kwamba katika usiku ule aliouawa Duncan, bundi naye analia, na Shakespeare hakuona haja ya kuwaeleza watu wake maana yake. Mwanafunzi wa Lindi naye hana haja ya kuelezwa. Katika jambo hili yeye yu karibu zaidi na Shakespeare kuliko alivyo mwanafunzi wa London wa leo.

Yafaa tukumbuke kwamba mfalme aliyetawala Uingereza wakati tamthiliya hiyo ilipoandikwa, yapata mwaka 1606, alikuwa James wa Kwanza, ambaye mwaka 1597, akiwa bado mfalme wa Uskochi peke yake, alitoa kitabu kizima juu ya pepo na wachawi. Watu walihukumiwa na kuuawa kwa tuhuma hizo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wasomi wetu wanaoona haya kila neno uchawi linapotajwa, kana kwamba ni ugonjwa wa Mwafrika pekee.

Lakini hebu tuyatazame maneno ya wale wachawi kama karani atazamavyo hati iliyoletwa mezani kwake. Walimsalimu Macbeth kwa cheo alichokuwa nacho, kisha kwa cheo ambacho alikuwa amekwisha kupewa bila ya yeye kujua, kisha wakamwambia kwamba atakuwa mfalme. Basi. Hapana mahali walipomwambia aue. Kisu hakimo katika maneno yao. Na penye barabara ile hakuwa peke yake. Alikuwapo Banquo, naye aliambiwa kwamba wazao wake watakuwa wafalme. Wawili walisikia, mmoja akaua. Banquo aliona shaka, akaonya kwamba nguvu za giza mara nyingine humpa mtu ukweli mdogo ili zimponze katika jambo kubwa. Macbeth alisikia onyo hilo kwa masikio yake mwenyewe, akalipita.

Wazee wa pwani wanaijua habari hii. Anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani adui yake huwa amekwenda na jina la adui huyo mdomoni. Bao la ramli humrudishia alichokwenda nacho, lakini sasa kimevikwa joho, na hapo ndipo penye hatari. Tamaa ambayo mtu angeionea haya kama ni yake mwenyewe, akiisikia kutoka kwa mwingine huiita amri.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuwapo karani mwenzetu, mtu hodari, mwenye hati nzuri, aliyejua kuandika barua mpaka ukapenda kuisoma mara mbili. Mkuu wa sehemu yetu alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili tu kustaafu. Karani yule alikwenda kwa mganga, akaambiwa kwamba kiti kile ni chake, ila kuna mtu amekikalia. Habari hiyo alitusimulia mwenyewe, kwa kicheko, kama mzaha. Miezi michache baadaye ikaanza kunong'onwa kwamba mzee ana vitu vyake katika kabati la majalada. Hakuna aliyeviona. Vijana wakaacha kunywa chai pamoja naye, na mpiga chapa akaanza kuomba ruhusa kila Ijumaa. Mzee hakugombana na mtu. Aliomba kustaafu mapema, akarudi kwenye minazi yake.

Karani akapewa kiti, na asikikalie. Alileta kiti kingine kutoka nyumbani kwake, kile cha zamani akakisogeza ukutani. Akamwagiza tarishi akitoe, tarishi akakataa, maana naye alikuwa amesikia yale maneno ya kabati. Basi kiti kikabaki pale, kimemwelekea, asubuhi hadi jioni. Tukawa tunamwona anaingia kazini na macho mekundu ya mtu asiyelala. Mzee alipofariki, na wafanyakazi wote tukaenda maziko, yeye hakuonekana. Katika pwani hii, asiyekuja mazikoni amekwisha kusema jambo.

Kinachonishangaza mpaka leo ni hiki: habari ya kabati aliitunga yeye. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika ofisi ile aliyejua kwa hakika kwamba mzee si mchawi, mtu huyo alikuwa ni yeye. Na ni yeye aliyeogopa kuliko sisi sote. Nilipofika katika karamu ya Macbeth, pale mfalme anapotafuta mahali pa kukaa, wageni wanamwonyesha kiti kitupu, naye anaona kimejaa, sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia. Wageni hawaoni kitu. Banquo amekaa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Hapa ndipo ushirikina unapogeuka. Mwanzoni ulikuwa mtumishi wa tamaa, ukiifungulia milango; tendo likiisha kutendeka huwa mtumishi wa dhamiri, nao hauna huruma. Bibi Macbeth, aliyewacheka wanaoogopa maiti na picha za mashetani, ndiye anayetembea usingizini akinawa mikono isiyotakata. Yeye hakuwahi kukutana na wachawi hata mara moja. Alichokipata ni barua ya mumewe tu.

Mara nyingine husemwa kwamba mambo ya wafalme wanyang'anyi ni ya Ulaya. Anayesema hivyo hajasoma habari za Kilwa. Wareno walipofika huko, Cabral mwaka 1500 na Vasco da Gama mwaka 1502, walimkuta mtawala aitwaye Ibrahim, ambaye alijulikana kwa jina la Amiri badala ya Sultani. Waandishi wa Kireno walimwita mnyang'anyi, wakadai kwamba sultani halali, al-Fudail, alikuwa ameuawa. Tuseme kweli, Wareno walikuwa na faida katika kusema hivyo, maana anayetaka kumpora mwizi hujiona mwenye haki. Mwaka 1505 Almeida aliuteka mji na kuupora, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamvika taji mtu wao, Muhammad Ankoni. Lakini husimuliwa kwamba Ankoni, akiisha kupewa ufalme ambao hakuuzaliwa, aliomba jambo la ajabu: urithi usiende kwa wanawe, bali kwa mwana wa yule al-Fudail. Hatujui moyo wa mtu. Labda ilikuwa haki, labda ilikuwa hofu ya kukaa juu ya kiti cha marehemu. Kwa vyovyote, hakikumwokoa. Mwaka 1506 aliuawa kwa hila, na mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha ngome yao Kilwa wakaenda zao. Natamani siku moja mwandishi wetu kijana aiweke jukwaani habari hiyo. Misikiti na majumba ya mawe bado yapo kisiwani, na wachawi wa kubuni hawahitajiki.

Sasa niingie kwa Kinjeketile, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kwa upande wa historia, Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe. Tangu mwaka 1904 watu walimiminika kwake kupokea maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba ya serikali, na hiyo ndiyo ikawa ishara ya vita. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Vilienea kusini yote, vikafika huku kwetu hadi misheni ya Nyangao, na waliokufa kwa risasi na hasa kwa njaa walikuwa makumi ya maelfu. Wapo wataalamu wanaotaja laki mbili na zaidi.

Hussein alisema waziwazi kwamba mtu wake wa jukwaani si yule wa historia. Alimpa kitu ambacho historia haikumpa, yaani muda wa kuyaona matokeo ya neno lake. Katika tamthiliya, Kinjeketile anazama mtoni, watu wanamlilia kama maiti, kisha anatoka siku ya pili akiwa mkavu, na neno la Hongo mdomoni. Makabila yaliyokuwa hayasalimiani yanakuwa kitu kimoja. Lakini akilirudia neno hilo polepole, anagundua ndani yake ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine! Hapo anashtuka. Sauti ile ilikuwa ya nani? Ya Hongo, au yake mwenyewe, au ya nani mwingine?

Macbeth hakuwahi kujiuliza swali hili kwa dhati. Alipoambiwa kwamba hatashindwa na mtu aliyezaliwa na mwanamke, wala mpaka msitu wa Birnam uiendee ngome yake, aliyashika maneno kama mtu ashikavyo hirizi, bila kuyafungua. Askari walipokata matawi na kujificha nyuma yake, msitu ukatembea. Macduff alipomwambia kwamba alitolewa tumboni mwa mamaye kwa kupasuliwa, hirizi ikafunguka, na ndani yake hapakuwa na kitu. Kinjeketile alikifungua chake mapema, akaona. Akataka watu wangoje. Watu hawakungoja, kwa sababu neno lilikuwa limekwisha kumtoka, na viboko vya mashamba ya pamba havikungoja pia.

Hapa wanafunzi hugawanyika, nami hufurahi wanapogawanyika. Wengine husema aliwadanganya watu wakafa, kwa hiyo yeye na Macbeth ni sawa. Nilimwuliza jirani yangu mmoja wa hapa Mtanda, mtu wa makamo makubwa ambaye wazee wake walitoka Umatumbi. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Kinjeketile alikuwa mwongo?" Akaitikia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, babu zetu walijua maji ni maji. Walikuwa wanayachota kila siku."

Sikupata jibu zaidi ya hilo, wala sikuhitaji. Tofauti ya watu hawa wawili haiko katika ramli, maana wote wawili walisikia sauti. Iko katika kile walichokitaka. Macbeth aliutaka ufalme kwa ajili ya kichwa chake kimoja, na kila aliyemkaribia akawa pungufu, mpaka mwishoni anabaki na wapambe wanaomtii kwa hofu. Kinjeketile hakutaka kiti. Hatia yake ni ya mtu aliyewapa wenzake ujasiri, naye hana hakika kama alikuwa na haki ya kuutoa. Hatia ya namna hii ni nzito zaidi kuibeba, kwa kuwa haina kisu cha kuosha.

Gerezani, baada ya watu kuanguka mbele ya bunduki, Kitunda anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo. (Kitunda, kwa bahati tu, ni pia jina la ng'ambo yetu hapa, upande wa pili wa ghuba ya Lindi, wanafunzi hucheka kila wanapolikuta.) Kitunda si mwoga, wala si msaliti. Ni askari aliyehesabu maiti, na anataka hesabu ikome. Kwa neno moja Kinjeketile angeweza kujipunguzia mateso, na pengine kujitua ule mzigo wa moyoni. Anakataa. Akikiri leo, Wajerumani watawaambia wajukuu wa watu wale kwamba babu zao walipigania kosa. Kwa hiyo anaibeba hatia yake bila kuitua, anachukuliwa, na Kitunda anaachwa pale alipo.