Wanja wa Bi Harusi na Tone la Damu



Alhamdulillahi, siku hizi wengi wetu tunapima kabla ya ndoa: virusi vya UKIMWI, selimundu, kundi la damu. Kipimo kimoja hatukitaji kabisa, nacho ni cha madini ya risasi katika damu. Na sisi tunaopamba mabiharusi ndio tunaoshika kitu kinachoweza kuyaingiza mwilini, yaani wanja.

Tulikwenda Kilosa kumpamba mtoto wa ndugu yetu. Tulichukua udi, hina na asumini, wanja wa manga tukauacha Unguja. Kila aliyefungua mkoba aliuliza, "Na wanja uko wapi?" Kabla ya siku ya harusi tukachukua gari kwenda Mikumi, tukapita kijiji kinachoitwa Ulaya, kumpa pongezi mzazi wa siku kumi na mbili. Mtoto alikuwa amepakwa wanja machoni, kwenye nyusi na kwenye paji la uso. Tukasema kwa upole kwamba tunamwogopea. Bibi yake akatutazama: "Wanangu, mmetoka kisiwani kuja kutukataza sunna?"

Hapana, bibi. Ithmid imetajwa katika hadithi, na hatuna la kupinga. Lakini ithmid inajulikana kuwa ni jiwe la antimoni, na lipo jiwe jingine linalofanana nalo sana, jiwe la risasi. Yote mawili yanang'aa kijivu, na yakisagwa yanatoa unga mweusi. Wanja uliopimwa maabara katika nchi mbalimbali umekutwa na risasi mara nyingi, mwingine zaidi ya nusu ya uzito wake. Jina lililoandikwa juu ya kikopo halitoshi kuwa ushahidi.

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa mtu atajuaje kama imeshamwingia?"

Kwa macho hajui. Damu ndiyo inayosema. Wenye kisukari wanakijua kile kimashine cha sukari: tone la damu kwenye kijiti chake, umeme mdogo, namba inatokea. Kipo ndugu yake cha kupima risasi. Tone la kidoleni huchanganywa na dawa inayopasua chembe nyekundu, kwa sababu karibu risasi yote ya damu imejificha humo. Kihisi kinapitishiwa umeme mdogo unaoivuta risasi ikusanyike juu yake. Kisha umeme unabadilishwa taratibu. Kila madini huachia kwa kiwango chake cha umeme, na yakiachia hutoa mkondo unaopimika. Mkondo ukiwa mkubwa, risasi ni nyingi. Mashine ndogo ya aina hii hutoa jibu kwa dakika 3 hivi. Elimu hii ilianzia Prague mwaka 1922 kwa Jaroslav Heyrovský, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1959.

Angalizo: kidole kioshwe vizuri kwa sabuni kabla ya kuchomwa. Kidole kilichopaka wanja asubuhi kinaweza kutoa namba ya uongo. Jibu likiwa kubwa, hurudiwa kwa damu ya mshipani.

Kwa nini tunamsumbua bi harusi? Kwa sababu risasi hukaa mifupani miaka mingi. Akishika mimba, mwili huchota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka nayo, ikapita kondo la nyuma. Inaumiza ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita.

Zahanati tuliyouliza kule ilipima wingi wa damu na sukari, risasi haikuwamo. Huenda na kwenu ni hivyo. Uliza hospitali kubwa au maabara, na uliza tena, maana kipimo kisichoulizwa hakiletwi.

Wakati tunasubiri, mtoto mchanga asipakwe wanja wowote. Bi harusi achague wanja ambao muuzaji anaweza kuonesha umepimwa, na kama hawezi, macho yabaki bila. Maziwa, dagaa, maharage na mchicha visikosekane, kwa sababu mwili wenye upungufu wa kalsiamu na chuma hunyonya risasi zaidi.

Bibi wa Mikumi hakutujibu kitu. Alimwita mkwewe alete maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Bi harusi wetu wa Kilosa naye aliingia ukumbini na hina mpaka viwikoni, macho hayana kitu, na wallahi alipendeza.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri na kizazi chenye afya. Amin.