Barua Isiyo na Nukta

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna ya kuandika sentensi iliyo wazi na kamili. Labda mtu atasema: "Hayo ni mambo ya watoto wa shule." Sisi nasi tulidhani hivyo zamani, mpaka siku ile tulipoletewa barua moja kutoka Bukama.

Twakaa Kamina, mji wa njia za treni. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ilikamilika kupita hapa kwetu hadi Ilebo, mji ulioitwa wakati ule Port-Francqui. Mwaka 1956 ikaungwa na njia ya Kabalo. Basi jamaa za Kamina zimetawanyika kando ya reli hizo: mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kananga, mwingine Kabalo. Kabla ya simu za mkononi habari zetu nyingi zilisafiri ndani ya treni, katika bahasha iliyokabidhiwa msafiri.

Ndivyo ilivyotufikia barua ya mdogo wetu. Yeye alibaki Bukama pamoja na mama yetu mzee. Sisi ndugu watatu tulikuwa kazini hapa Kamina. Aliandika kwa haraka, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, bila nukta wala mkato, maneno haya: "mama anagonjwa sana kuja hapana kungoja treni ya juma ingine".

Tulisoma mara ya kwanza, tukasoma mara ya pili. Tukasikia "kuja hapana" kama katazo. Kwa hiyo tulielewa hivi: "Mama ni mgonjwa sana. Msije, ngojeni treni ya juma lijalo." Tukawaza kwamba labda amepelekwa mahali pa matibabu, au kwamba nyumba imejaa wageni. Tukangoja. Treni ya kwanza ikaondoka bila sisi. Tulipofika Bukama juma la pili, tulikuta mama amekwisha kuzikwa siku tatu zilizopita.

Mdogo wetu alilia, akamwambia mkubwa wetu: "Yaya, niliwaandikia mje! Kwa nini mmengoja?" Tukamtolea barua yake. Akaichukua, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wa matanga. Alipofika kwenye neno "kuja" alipumzika kidogo, kisha akaendelea: "Hapana kungoja treni ya juma ingine." Ndipo sote tulipoelewa. Kinywani mwake nukta ilikuwamo. Katika karatasi haikuwamo.

Hatukumlaumu, wala hatumlaumu leo. Aliandika usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa. Nasi pia tulikosa, maana tulipoona mashaka hatukumwuliza yule msafiri aliyetuletea barua. Lakini tangu siku hiyo twajua jambo moja: mwandishi hawezi kuifuata barua yake njiani ili aisome kwa sauti. Maneno hufika, sauti hubaki nyuma. Nukta ndiyo inayobeba pumziko la sauti ile.

Baadaye tulikuja kujua kwamba shida hii si ya nyumba yetu peke yake. Mwaka 1965, katika mji wa Lubumbashi uliokuwa bado ukiitwa Élisabethville, André Yav alitunga kitabu kidogo kwa Kiswahili cha Katanga. Alieleza habari za mji huo na za watumishi waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Jina lake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni kazi ya thamani kubwa, kwa kuwa hapo watu wa kazi wanasimulia historia yao wenyewe. Lakini ni vigumu kuona sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi, na maneno hayakutengwa kama tulivyozoea kuyaona vitabuni. Mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena kwa chapa mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo. Ili maana ionekane, yeye na mwenzake Kalundi Mango walitumia njia ya kukisoma kwa sauti. Tazameni, dawa ni ileile tuliyoiona matangani: sauti ilirudisha kile ambacho karatasi ilikosa.

Basi, twafanyaje ili msomaji wetu asihitaji kututafuta? Haya ndiyo makosa tunayoyaona mara nyingi, katika barua zetu na hata katika matangazo tunayoyaandika ili yasomwe parokiani baada ya Misa.

Kosa la kwanza ni sentensi isiyomalizika. Sentensi kamili yataja mtu au kitu, kisha yasema habari zake. Mtu akiandika, "Wazazi ambao watoto wao watabatizwa Jumamosi," kisha akatia nukta, amewataja wazazi tu. Wazazi hao wafanye nini? Waje? Wangoje? Walete nini? Watu waliomo kanisani watatazamana. Aandike: "Wazazi ambao watoto wao watabatizwa Jumamosi waje Ijumaa saa tisa." Sasa kila mmoja ajua la kufanya.

Kosa la pili lafanana na la kwanza. Mtu anaandika, "Kwa sababu mvua ilinyesha," akakoma hapo. Maneno kama "kwa sababu", "ingawa", "ili" na "kama" ni mkono ulionyoshwa. Lazima ushike kitu. "Hatukuja kwa sababu mvua ilinyesha." Hapo mkono umeshika.

Kosa la tatu ni kufunga sentensi nyingi katika mzigo mmoja. Mtu mmoja aliandika: "fedha tumepokea mjomba bado amekasirika". Je, mjomba hajaacha hasira yake ya zamani? Au mjomba hajapokea fedha, na ndiyo maana amekasirika? Kwa fedha, tofauti hiyo yaweza kuvunja udugu. Ingefaa aandike: "Fedha tumepokea. Mjomba bado hajapokea, naye amekasirika." Jambo moja, sentensi moja, kisha jambo la pili.

Kosa la nne ni la upatanisho wa maneno. Hapa twaomba mtusikilize vizuri, kwa maana watu wengi husema kwamba upatanisho ni pambo tu la Waswahili wa pwani. Sivyo. Kwetu mtu husema: "ufunguo ya sanduku yenye kupotea". Kitu gani kimepotea? Hatujui. Lakini ukiandika "ufunguo wa sanduku uliopotea", twajua kwamba tutafute ufunguo. Ukiandika "ufunguo wa sanduku lililopotea", twajua kwamba sanduku ndilo limepotea, na ufunguo labda unao mfukoni. Silabi chache tu zatuonyesha njia.

Kosa la tano ni kukata neno moja vipande viwili. "Anakuja" ni neno moja. Tusiandike "ana kuja". "Alimwambia" ni neno moja. Tusiandike "ali mwambia". Msomaji akikuta vipande, hujikwaa kama mtu apitaye penye visiki.

Tukisema hayo, mtu asidhani kwamba twakidharau Kiswahili cha nyumbani. Wengi wetu tulinyonya Kiluba kwanza, kisha tukajifunza Kiswahili cha treni, cha soko na cha migodi. Kiswahili hicho kimetulea, nacho chatosha kabisa watu wanapoonana uso kwa uso, kwa kuwa macho, mikono na pumzi husaidia maneno. Lakini barua haina macho wala mikono. Haijui itasomwa na nani. Yaweza kusomwa Kalemie, Goma, hata Kigoma ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana twapaswa kuivika vizuri kabla ya kuituma safarini, kama tunavyomvika mtoto anayekwenda kwa wageni.

Na msiseme kwamba mambo ya barua yamepita. Siku hizi twaandika ujumbe kwa simu, na ujumbe huo waenda upesi kuliko treni yoyote. Kosa nalo laenda upesi vilevile. Tumeona ndugu wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya mstari mmoja wa simu. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Nukta ni alama ndogo kuliko zote, wala haigharimu kitu.

Basi, ndugu wasomaji, twawapa shauri moja jepesi. Ukimaliza kuandika, usifunge bahasha, usibonyeze simu. Soma maneno yako kwa sauti. Mahali unapopumzika, tazama kama pana nukta au mkato. Kisha, kama habari ni nzito, kama ni ya ugonjwa, ya kifo, ya fedha au ya safari, mpe mtu mwingine aisome, wewe ukinyamaza. Usimweleze neno. Akielewa vile ulivyokusudia, barua imekamilika. Akikuuliza, "Maana yake nini?", usimkasirikie wala usimjibu kwa mdomo tu. Lisahihishe palepale katika karatasi, kwa kuwa wewe hutakuwapo itakapofunguliwa.

Barua ile ya Bukama tunayo bado sandukuni. Karatasi yake imegeuka rangi, na mikunjo imeanza kupasuka. Siku ya matanga, baada ya kuisoma, mdogo wetu aliomba kalamu ya risasi. Akatia nukta mbili: moja mbele ya neno "kuja", na moja nyuma yake. Mtoto wa nyumba yetu akianza kujua kusoma, twamwonyesha karatasi hiyo. Twamwomba aisome kwanza bila nukta, kisha aisome pamoja na nukta. Halafu twamweleza habari za bibi yake.