Kisanduku cha Gitaa na Fedha za Kwaya

Mimi ni karani wa parokia. Fedha za watu hupita mikononi mwangu kila juma, nami huzihesabu, huziandikia stakabadhi na kuzifungia kabatini, na katika miaka minane haijapotea hata shilingi moja. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtafahamu jinsi nilivyoona haya nilipotumia shilingi 260,000 za kwaya kununua kisanduku kinachoenea kiganjani, kisha Jumapili ya kwanza tu kisanduku hicho kikatufedhehesha mbele ya watu wote.

Habari ilianza hivi. Kwaya yetu ina magitaa matatu: solo, ridhimu na besi. Mimi napiga solo. Mapenzi hayo niliyapata katika chuo cha ualimu, ambako gitaa lilikuwa moja nasi wenye kulitaka tulikuwa wengi, hata tukaandika zamu ukutani. Amplifaya ya kwaya ni kuukuu, ya transista, na wanakwaya wakiimba kwa sauti zote nne gitaa langu lilikuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Basi tukaanza kuchanga fedha za kununua amplifaya kubwa. Mama mwenyekiti alipitisha kikapu kila baada ya mazoezi, wengine wakitia mia tano, wengine wakitoa ahadi. Tulipofika laki nne, tukaona bado hatujapata hata robo ya bei.

Ndipo nikasimama mkutanoni nikasema, "Tusijitese bure. Kuna kisanduku kiitwacho busta. Hutiwa kati ya gitaa na amplifaya, na sauti ikaongezeka." Walinisadiki papo hapo, maana mimi ndiye karani.

Sikusema uongo kwa makusudi, ila nililijua jambo lile nusu. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Mafundi huziita pikapu, wala si gari la mizigo. Uzi ukitikisika, pikapu hutoa umeme kidogo mno, sehemu tu ya volti moja, na umeme huo hauwezi kusukuma spika. Kwa hiyo amplifaya ni kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza, priampu, huupokea umeme ule mchanga, huukuza na kuupa tabia yake, wembamba au unene. Chumba cha pili huutia nguvu za kusukuma spika. Sasa busta ni priampu nyingine ndogo, iliyowekwa nje, miguuni pa mpigaji. Huongeza kile kinachoingia katika chumba cha kwanza. Chumba cha pili haikigusi kabisa: kama nguvu zake ni wati 30, zitabaki 30 hata ukipanga busta kumi.

Kitu chenyewe si kipya. Huko Uingereza katikati ya miaka ya 1960 kilitoka kisanduku kiitwacho Dallas Rangemaster, chenye transista moja ya germaniamu na kitufe kimoja cha kuzungusha. Amplifaya nyingi za huko zilikuwa na sauti nzito iliyofifia, nacho kiliinua zaidi sauti nyembamba. Brian May wa bendi ya Queen, ambaye mwaka 1963 alianza kuunda gitaa lake pamoja na baba yake, shingo yake ikiwa ya mbao iliyotoka mekoni mwa nyumba ya kale (mimi nisiyeweza kutengeneza hata kigoda namwonea kijicho), amejulikana kwa kupitisha gitaa hilo katika kisanduku cha jamii hiyo kabla halijafika katika amplifaya yake ya Vox AC30. Marekani nako palikuwa na mtambo wa mwangwi uitwao Echoplex, wenye utepe. Wapigaji waligundua ya kwamba hata mwangwi ukizimwa, gitaa likipita tu ndani yake hutoka limenona. Siri ilikuwa priampu ya mtambo ule. Baadaye mafundi wakaichukua priampu peke yake, wakaitia katika kisanduku kidogo, na hicho chetu ni cha ukoo huo.

Nilisoma hayo yote, lakini nilisoma kama mwanafunzi atafutaye jibu la mtihani. Sikujiuliza Vox ile ni ya namna gani. Ni ya valvu, na valvu zikizidiwa huukata umeme kwa upole, sauti ikakwaruza kwa utamu. Transista za amplifaya kama yetu zikizidiwa hukata ghafula, kama kisu.

Jumapili ikafika. Nilizungusha kitufe cha busta hata mwisho, na amplifaya ilikuwa mwisho tangu zamani. Kwa ubahili wangu nilikuwa nimekipa kisanduku umeme wa chaja ya bei rahisi, ingawa ni volti 9 zilizotakiwa. Kabla sijagusa uzi, ngurumo ikajaa kanisani, maana busta haichagui: huukuza muziki, na mlio wa chaja, na mlio wa taa za mirija zilizo juu ya kwaya. Nilipoanza kupiga ikatoka sauti ya bati linaloburutwa juu ya mawe. Ajabu yake, haikuwa kubwa kuliko ya juma lililopita. Ilikuwa mbaya tu. Akina mama wa sauti ya pili wakapoteza noti, mwalimu wa kwaya akanikata jicho, mtoto mmoja akaziba masikio. Nikachomoa waya, tukamaliza wimbo kwa besi na ridhimu.

Nje, chini ya mwembe, mama mwenyekiti alinijia taratibu. "Karani, mwanangu," akasema, "ndicho hicho tulichokinunua?"

Nikajibu, "Ndicho, mama." Hakuongeza neno. Afadhali angenigombeza.

Jioni ya Alhamisi nilikwenda kanisani na kijana wetu wa ridhimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto asipoelewa, mpe kitu akishike mkononi, na safari hii mtoto alikuwa mimi. Tukaanza na chaja. Tuliitupa kando tukatia betri, na nusu ya ngurumo ikaondoka hapo hapo. Taa za mirija tulizizima ili tusikie tofauti, na robo nyingine ikaondoka.

Kisha nikamwambia kijana ashushe amplifaya hata nusu. Alishangaa, maana tulikuja kutafuta sauti. Lakini ndoo iliyojaa hadi ukingoni hata ukiimwagia maji ya mto mzima haijai zaidi, humwaga tu. Busta yangu inaweza kuongeza desibeli 20, yaani kuzidisha volti mara 10. Nilikuwa nimemwaga mara 10 ndani ya ndoo iliyojaa. Ilipopata nafasi, nikaipandisha kidogo kidogo, kama desibeli 6 hivi, ambazo ni kuzidisha mara 2, nikapiga.

Sauti iliyotoka sikuijua. Haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwa wazi, kana kwamba mtu ameondoa blanketi juu ya spika. Kijana akasema, "Kaka, hilo gitaa ni lile lile?"

Sababu tuliipata tulipoufuata waya kwa miguu. Tundu la umeme liko ukuta wa nyuma, basi amplifaya hukaa huko, na waya wangu una urefu wa mita 9. Waya mrefu hunyonya sauti nyembamba za gitaa, kwa kuwa pikapu ni dhaifu, haiwezi kuzisukuma mbali. Miaka yote nilikuwa nikilaumu amplifaya, kumbe nusu ya gitaa langu ilikuwa ikifia njiani. Sasa waya wa mita 2 unatoka gitaa hadi busta, na busta, yenye msukumo wa kutosha, ndiyo inayopeleka umeme safari iliyobaki. Tukajaribu kuizima na kuiwasha mara ishirini, kijana akiwa amefumba macho, na kila mara alitambua.

Tulijifunza na mengine. Tulipunguza unene katika amplifaya, maana chini kule tulikuwa tukigombana na besi, na mzee wetu wa besi hashindwi. Busta tuliiacha inawaka nyimbo zote, na kazi ya kupanda na kushuka nikaipa kitufe cha gitaa lenyewe: saba wakati watu wanaimba, kumi linapofika zamu ya magitaa. Na kijana wa ridhimu, bila kuambiwa, akashusha lake kidogo. Nadhani hilo lilisaidia kuliko nilivyokiri siku ile.

Lakini gitaa kupona hakukufuta neno nililosema mkutanoni. Niliwaambia kisanduku kitaongeza sauti, wakaacha kuchanga kwa ajili ya neno hilo. Basi mkutano uliofuata nilisimama na karatasi niliyoiandika mwenyewe. Nikasema, "Niliwaeleza vibaya. Kisanduku hiki hakiipi amplifaya nguvu hata kidogo. Siku tukiimba uwanjani tutahitaji amplifaya kubwa kama tulivyokusudia. Mkitaka fedha zenu, nitazilipa kwa miezi minne, na hii ndiyo hati yangu."

Kukawa kimya. Mzee wa besi akakohoa. Mama mwenyekiti aliichukua ile hati, akaisoma yote, hata tarehe, kisha akasema, "Kwanza tupigie."

Nikapiga wimbo ule ule tulioabikia, nao wakaimba. Sikumtazama mtu. Tulipofika zamu ya magitaa nilizungusha kitufe hata kumi, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipita juu ya besi, safi, wala hapakuwa na mtu aliyeziba masikio. Mwalimu wa kwaya alitaka turudie. Tukarudia mara mbili.

Hati yangu mama aliikunja akaitia mkobani. Hakuichana wala hakunirudishia, na mpaka leo sijui iko wapi. Kikapu kilianza kupita tena jioni ile ile. Nami kwa kuwa ni karani, alinipa kitabu cha mali ya kwaya nikiandike kisanduku mahali pake, chini ya magitaa na kabla ya ngoma. Nikajaza aina, bei na tarehe. Penye "kazi yake" niliandika "kuongeza sauti", nikakitazama kidogo, nikapiga mstari juu yake, nikaandika "kusafisha sauti ya solo", nikatia sahihi.