Kubali Yaishe

Katika miaka yangu ya kufundisha nimetoa ushauri mwingi, mwingine darasani, mwingine barazani kwangu. Karibu wote nimeusahau. Upo mmoja wa maneno mawili tu ambao umenirudia mwaka huu, nami naona nina deni la kuueleza hadharani.

Ilikuwa Mbagala, miaka kumi na moja iliyopita. Kijana wa jirani yangu, wakati huo akiwa na miaka ishirini, alikamatwa kwa kuiba mifuko minne ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa kibarua. Mama yake alinigongea usiku kwa kuwa mtaani mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi, ingawa sheria sikuisomea. Asubuhi tulimkuta kijana mahakamani akisubiri kuitwa. Nikamwuliza kama kweli aliiba. Akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, Mwalimu." Nikamwambia, "Basi kubali yaishe."

Akakubali. Mahakama ya Mwanzo ikampa kifungo cha miezi mitatu, akakitumikia. Mama yake akalipa thamani ya saruji kidogo kidogo kwa faida ya maandazi. Kijana alipotoka alijifunza udereva, akaendesha daladala, kisha lori. Leo ana mke na watoto wawili, na katika miaka yote hiyo hajarudi kizimbani.

Mwaka huu kampuni moja ya usafirishaji ilimpa fomu ya maombi ya kazi. Mbali na leseni na barua ya serikali ya mtaa, ilitaka cheti cha tabia njema, kile kinachotolewa na polisi baada ya mwombaji kuchukuliwa alama za vidole. Palikuwa pia na swali: Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Alinijia na fomu mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na kabla hajaketi akaongeza, "Wewe uliniambia nikubali yaishe. Mbona hayajaisha?"

Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kumsindikiza mahakamani kuuliza kama upo utaratibu wa kuomba kumbukumbu ile ifungwe isisomwe tena. Karani aliyetupokea alikuwa mtu mwungwana, akatusikiliza hadi mwisho.

"Unataka kukata rufaa?"

"Hapana."

"Unaomba mapitio? Maana muda wa rufaa ulikuwa siku thelathini, nao umepita zamani."

"Siombi mapitio."

"Kwani unasema hakimu alikosea?"

"Hakukosea. Niliiba."

Karani akaweka kalamu mezani. "Sasa, ndugu yangu, kama hakimu hakukosea, unataka tukufutie nini?"

Swali lile nimelibeba hadi leo, kwa sababu ndilo swali la sheria yetu yenyewe. Anayedai kwamba mahakama ilimwonea ana milango: rufaa Mahakama ya Wilaya, mapitio, na ngazi za juu zaidi. Anayesema mahakama ilimtendea haki, naye akaipokea adhabu na kujirekebisha, hana mlango wa kubisha. Nilirudi nyumbani nikasoma Kanuni ya Adhabu, kisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sikuona kifungu kinachompa mtu wa aina hii haki ya kumrudia hakimu na kusema: nimelipa, naomba daftari langu lifungwe.

Wapo watakaosema kuna msamaha wa Rais. Ni kweli, Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe waliotiwa hatiani, na kila sikukuu ya Muungano au ya Uhuru tunasikia habari za wafungwa walioachiwa. Lakini msamaha tuliouzoea humfikia aliyeko ndani. Aliyemaliza kifungo chake hadi siku ya mwisho hayumo katika orodha ile, kwa kuwa hana tena adhabu ya kupunguziwa.

Kinachonisumbua zaidi kimo ndani ya Katiba hiyohiyo. Ibara ya 67 inataja wasiostahili kuchaguliwa kuwa wabunge. Aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu ana kizuizi chake. Kwa kifungo kifupi zaidi, Katiba inatazama miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Maana yake ni kwamba kijana wetu, kwa miezi yake mitatu ya miaka kumi na moja iliyopita, hazuiwi na ibara hiyo kuingia bungeni kututungia sheria. Waliotunga Katiba walitambua kwamba kosa dogo huzeeka. Ni ajabu kwamba hatujawahi kulitambua hilo kwa dereva wa lori.

Kanuni ya Adhabu tuliirithi kwa Waingereza, nayo ni ya mwaka 1945. Mwaka 1974 Waingereza wenyewe walitunga sheria ya kuwarejesha wakosaji katika jamii: baada ya muda uliowekwa bila kosa jipya, hatia ndogo huhesabiwa kuwa imekwisha, na mtu halazimiki kuitaja isipokuwa katika kazi maalumu. Afrika Kusini nako aliyepata adhabu nyepesi anaweza kuomba kumbukumbu yake ifutwe baada ya miaka kumi. Sisi tulishika kiboko tulichoachiwa, tukabaki nacho.

Sidai kwamba kila doa lioshwe. Aliyembaka mtoto, jambazi wa kutumia silaha na mla rushwa wa fedha za umma, kumbukumbu zao zibaki wazi. Aliyeibiwa naye ana haki: apewe taarifa na asikilizwe. Ninachopendekeza ni kidogo. Aliyehukumiwa adhabu isiyozidi mwaka mmoja, akakaa miaka mitano bila kosa jingine, aruhusiwe kurudi katika mahakama ileile na ombi la ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Hakimu amtazame, amsikilize mlalamikaji, aamue. Jalada lisichomwe moto. Lifungwe, lifunguliwe tu kwa amri ya mahakama, kwa mfano mtu huyo akitenda kosa tena. Mwaka 2023 nchi ilikuwa na Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mjadala wa kurekebisha mfumo ulifunguliwa. Mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake astahili nafasi katika mjadala huo.

Tunapenda kusema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tunasema pia yaliyopita si ndwele. Mama yake na kijana alisameheana na mwenye duka zamani. Mwenye duka alihudhuria hata harusi. Mtaa ulikwisha kusahau. Kilichobaki kukumbuka ni karatasi.

Siku ile, tulipotoka mahakamani, tuliketi kwenye kibanda cha chai akatoa fomu. Nilitamani kumwambia aandike "Hapana". Nakiri hilo, msomaji, nalo linanitia aibu. Yeye hakuniuliza. Aliandika "Ndiyo", na chini yake mstari mmoja: kosa, mwaka, adhabu. Kisha akanipa kalamu, mimi niandike jina langu kama mdhamini.

Wiki ya sita hii hajaitwa. Mama mwingine akinigongea usiku, bado nitamshauri mwanawe aseme kweli. Ila lile neno la pili, "yaishe", sina tena haki ya kulitamka.