Bahasha ya dada yetu

Mwezi huu familia yetu inawasimulia habari ya bahasha moja inayoning'inia kwenye boriti ya nyumba yetu hapa Lobule, Koboko.

Ndani yake mna diploma ya sheria ya dada yetu. Tulipokimbia Ituri, mama aliifunga ndani ya kitenge pamoja na chumvi. Nguo zilipotea njiani, diploma ikafika.

Mwaka 2022 baba mdogo alipiga simu kutoka Aru: "Kinshasa wametangaza! Baraza Kuu la Mahakimu linatafuta watu 5,000 kwa mtihani." Dada akapanda taksi hadi Arua kusoma masharti kwenye intaneti. Yalikuwa wazi: uwe Mkongomani, umri usipungue miaka 21 wala kuzidi 40, uwe na diploma ya chuo kikuu ya sheria, cheti cha mwenendo mwema, karatasi inayoonyesha kama ulishawahi kuhukumiwa, na cheti cha daktari kisichozidi miezi mitatu. Dada alikuwa na miaka 39.

Hesabu ilikubali. Lakini cheti cha mwenendo na ile karatasi ya hukumu hutolewa na wakubwa wa kule nyumbani. Hapo ndipo sisi tuliogopa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema mtu akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, ukimbizi wake unakoma. Baba akamwambia, "Binti yangu, ukivuka pale Vurra na majina yetu yakafutwa, hawa watoto watakula nini?" Sote tukaitikia. Hakuna kati yetu aliyekwenda kumuuliza mwanasheria hata mara moja. Tuliamua kwa hofu tu, usiku mmoja, kando ya moto.

Siku za kupeleka karatasi zikapita. Mwaka 2023, redio iliposema mahakimu wapya wameteuliwa, dada aliizima, akachukua jerikani, akaenda kisimani.

Sasa amepita miaka 40. Mlango ule umefungwa. Na mahakama za hapa, za Koboko na Arua, sisi twaingia kama wenye shauri. Haki hiyo tunayo kwa sheria ileile, ila kiti cha hakimu si chetu.

Leo dada yuko kwenye kamati ya RWC. Anasikiliza mambo ya mbuzi aliyekula mahindi ya mwenyeji, ya foleni ya maji, ya madeni. Mtoto akiharibiwa au damu ikimwagika, hakubali yaishie chini ya mwembe, hata familia mbili zikisema zimeshapatana. Anawapeleka polisi yeye mwenyewe. Majirani wanamwita "Hakimu". Hucheka kidogo, halafu ananyamaza.

Ndugu zetu, tunzeni karatasi zenu, maana miaka haikai kambini kutungoja. Na mkiogopa, ulizeni kwanza anayeijua sheria, ndipo mumkataze mtu.

Dada hajatulaumu hata siku moja. Binti yake amemaliza S6 juzi, naye anataka kusoma sheria. Baba ndiye aliyeishusha ile bahasha, akaipangusa vumbi, akasema, "Huyu, safari hii, tutamsindikiza."