Dua ya Lupita na Kopo la Binti Yetu

Wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kuwaandikia habari za mchezaji wa sinema. Sisi si watu wa sinema. Twakaa Nambis, katika nchi ya juu ya Mbulu, ambako usiku wa Julai mtu hutafuta blanketi la pili kabla ya kutafuta burudani. Na kwa miaka mingi tuliyahesabu mambo ya waigizaji kuwa ni mazungumzo ya watu wasio na kazi. Lakini yaliyotupata nyumbani yametulazimisha kulijua jina la Lupita Nyong'o, nasi hatuoni haya kulitaja.

Asili yetu ni Kondoa. Majirani zetu hapa ni Wairaqw, watu wema, na wengi wao rangi yao ni ya maji ya kunde. Binti zetu wawili ni wa mama mmoja, lakini hawakufanana: wa kwanza alitoka mweupe kidogo, na wa pili ni mweusi kama bibi yake mzaa baba, yaani mama yetu sisi. Wageni walipofika walimsifu yule wa kwanza, "Mashaallah, mtoto huyu ana rangi!" Nasi tukicheka kwa furaha. Wa pili ndiye aliyekuwa akimimina chai.

Mwaka juzi mama yao, alipokuwa akitandika, alikuta chini ya godoro kopo la mkorogo, lililonunuliwa mnadani kwa fedha za madaftari. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu, yakimwaka kila apitapo juani. Tulikuwa tumeyaona, tukadhani ni baridi! Zahanati tukaelezwa kwamba dawa za namna hiyo aghalabu hutiwa zebaki au haidrokwinoni, na kwamba zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini na kudhuru figo. Tulirudi tumekasirika, na hasira hiyo, twakiri, ilimwangukia yeye. Tulimwuliza kwa ukali ni nani aliyemfundisha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, si ninyi mnaosema dada ana rangi? Mimi je, nina nini?"

Hatukuwa na jawabu. Aliyekuwa nalo ni shangazi yake, dada yetu anayekaa Arusha, ambaye alipokuja kututazama alituletea habari za bibi huyu.

Lupita alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o wa Kenya, alipokuwa akifundisha huko. Wazazi wake, walio Wajaluo, walimpa jina la Kimexico kwa kufuata desturi yao ya kumwita mtoto kwa mambo yaliyokuwapo alipozaliwa. Baadaye Wakenya na Wamexico waligombana wakidai kila mmoja kuwa ni wake, jambo lisilotokea kwa mtu ambaye hajapata kitu. Alikulia Kenya, na akiwa na miaka 14 alicheza Juliet wa Shakespeare katika kundi la Phoenix Players la Nairobi. Alikwenda kusoma Marekani. Mwaka 2009 akaonekana katika Shuga, mchezo wa televisheni wa kuwaonya vijana juu ya Ukimwi, na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya maalbino wa Kenya. Hilo lilitugusa: mtu aliyesumbuliwa na weusi wake akaenda kuwasikiliza wale wanaosumbuliwa kwa kukosa weusi. Nasi Watanzania tunayo sababu ya kuinamisha vichwa yatajwapo mambo ya maalbino.

Alihitimu Yale mwaka 2012. Mwaka uliofuata akatokea katika 12 Years a Slave kama Patsey, mtumwa wa mashamba ya pamba ya Louisiana, na tarehe 2 Machi 2014 akapewa Oscar, Mkenya wa kwanza kuipata. Filamu hiyo hatukuitazama yote, wala hatusemi kila nyumba iitazame. Mna uchi na mijeledi ambayo macho ya watoto hayana haja nayo.

Lakini siku chache kabla ya tuzo hiyo alisimama Beverly Hills mbele ya mkutano wa wanawake weusi, akayasema maneno ambayo shangazi mtu alitusomea kutoka katika simu yake. Alisema kwamba utotoni alichekwa kwa weusi wake, na kila usiku alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Alfajiri alikimbilia kioo. Akaanza kupatana na Mungu: ataacha kuiba vidonge vya sukari, atamtii mama yake, hatapoteza tena sweta ya shule, ili mradi apewe weupe kidogo. Kisha akamwona Alek Wek, binti wa Sudan Kusini, mweusi kama usiku, anasifiwa na dunia nzima kwa uzuri. Mama yake naye alizoea kumwambia kuwa uzuri hauliwi. Alitaja pia barua ya msichana mmoja aliyekuwa karibu kununua dawa ya kujichubua, akaacha kwa sababu ya kumwona yeye.

Binti yetu alisikiliza amejifunika kanga. Palipofikiwa pa sukari alicheka. Kisha akauliza, "Shangazi, na Mungu alimjibu nini?"

"Hakumbadilisha, mwanangu."

Sisi tulikaa kimya. Habari za Bilal, radhi za Mungu ziwe juu yake, tumewahadithia watoto wetu mara nyingi. Lakini tulizihadithia kama habari za Makka, wala si za mashavu yake yeye.

Haya hatuyasemi ili tumfanye bibi huyu walii. Mwaka ule ule wa 2014 alikubali sura yake itumiwe na Lancôme, wauzaji wa vipodozi wa Ufaransa, na twaona taabu kulipatanisha hilo na uzuri usioliwa. Mama watoto hakubaliani nasi. Asema maadamu poda zitauzwa, afadhali ziuzwe na uso kama ule.

Likizo iliyofuata tulitazama pamoja Queen of Katwe, filamu ya mwaka 2016, ambamo Lupita ni Nakku Harriet, mjane wa Kampala, mama wa Phiona Mutesi, yule mcheza sataranji. Katikati ya mchezo binti yetu alisema polepole, "Yule mama amefanana na bibi."

Kesho yake aliomba picha ya marehemu. Tulipekua masanduku tukapata moja tu, ndogo, imefifia pembeni. Aliichukua mwenyewe mpaka Mbulu mjini ikakuzwe. Shavu la kushoto lingali na baka, na kila usiku mama yake humpaka mafuta ya nazi.